Tovuti ya Kukanyagwa

Itangazwe kwa wote wenye masikio: shirika letu la kusaidia wagonjwa wa macho limepata mbunifu wa kuisuka upya tovuti yake, naye haji na kompyuta, anakuja na karatasi na gundi. Kila ukurasa huutandika kwenye sakafu ya chumba cha mikutano, taratibu, kama anayemfunika shuka mtoto aliyelala, kisha hutuvua viatu. Vidole vyake vina magamba ya gundi ambayo huyabandua akifikiri, na sauti yake ni ya chini kiasi kwamba hata feni huonekana kupunguza mwendo imsikilize. “Wewe ni mgonjwa,” hunong’ona. “Macho yanafifia. Haya, itafute siku ya kliniki.” Basi wasomi wazima tunaelea kwenye mwanga wa alasiri, soksi zimetoboka, tukitafuta tiba kwa nyayo.

Jana ilikuwa zamu ya mkurugenzi, mama yetu aliyeagiza picha yake ijae ukurasa wa mbele. Alielea vizuri tu, mikono mbele, macho nusu wazi, mpaka akaganda mguu juu kama korongo. Kule ng’ambo kulikuwa na karatasi ya kliniki, na hapa katikati alitabasamu yeye mwenyewe pichani, ukuta hadi ukuta.

“Sasa mwanangu,” akasema polepole, “mgonjwa wangu apite wapi?”

Mbunifu akabandua gamba la kidole gumba.

“Usoni hapo, mama. Kanyaga taratibu, gundi bado mbichi.”