Siku Niliponyweshwa Kombe kwa Kujisemesha

Leo mchana, siku ya pili ya likizo, nilifungua kabati la marehemu bibi nikitafuta sindano. Chini ya kanga zake nikaikuta sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu. Nikakaa sakafuni. Nikwambie kweli, wewe usomaye: harufu ya zafarani imeshatoka zamani, lakini mimi niliisikia.

Nilikuwa na miaka kumi. Mwaka ule, kwenye chuo chetu cha Kurani hapa Malindi, mwalimu alitangaza kwamba siku ya maulidi msichana mmoja ataanzisha kaswida na wenzake wamwitikie. Niliitaka nafasi ile hata mkate wa kumimina ukawa haupiti kooni. Na mimi ndiye niliyekuwa nikijificha ndani ya buibui la bibi akija mgeni, shikamoo ikabaki mdomoni.

Basi nikajibunia dawa. Kila alasiri, bibi akiwa kwenye mbuzi anakuna nazi, kru, kru, nilikwenda uani nikainamia mtungi mkubwa wa maji, uso wote ndani. "Wewe una sauti nzuri," nikisema. "Wewe huogopi mtu. Watakusikia wala hawatacheka." Mtungi uliyarudisha maneno yangu manene, ya polepole, kama kwamba kule chini kwenye ubaridi kuna mwanamke mzima ananikubalia.

Siku moja jirani yetu alikuja kuazima kifumbu cha kuchujia tui, akanikuta nimeinama. Hakuniuliza. Alikimbilia jikoni.

"Bi mkubwa, wee! Mtoto anazungumza na mtungi, na mtungi unamjibu! Ana shetani huyu!"

Kabla ya magharibi ubani ulikuwa ushajaa nyumba nzima. Nimekalishwa mkekani, na mwalimu yuleyule wa chuo ameitwa, anaandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe. Akaziosha kwa marashi, nikanywa maji yale ya aya, kombe langu, hadi tone la mwisho. Lilikuwa tamu kidogo, chungu kidogo. Nilikuwa tayari kunywa hata ndoo, mradi nisiseme neno.

Kisha mwalimu akamgeukia bibi. "Mtoto huyu apumzike mwaka huu. Kaswida ataanzisha mwingine."

Nikajiambia kimoyomoyo: wewe huogopi mtu. Kumbe mdomo ulinitangulia, nimesema kwa sauti.

"Huyo! Kaanza tena!" jirani akaruka.

"Ni mimi," nikasema, machozi yananitoka kwa moshi na kwa aibu. "Si shetani, mwalimu. Ni mimi najipa moyo. Nataka kuanzisha kaswida."

Halafu bibi akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kutikisa mabega, hata jirani naye akajifunika uso kwa leso. "Ningejuaje mimi? Sauti yenyewe ya mtu mzima!" jirani akajitetea.

Mwalimu hakucheka. "Basi anzisha," akasema. "Hapahapa."

Nikaanza. Mstari wa kwanza ulitetemeka, wa pili nikakohoa moshi. Wa tatu ukatoka wenyewe, na nikaona kidole cha mwalimu kinapiga taratibu juu ya goti lake, na jirani anaitikia kwa chini. Nilipomaliza, mwalimu alivaa kofia yake. "Kama huyu ni jini," akasema, "aje na maulidini."

Nikaenda. Siku yenyewe siikumbuki sana. Nakumbuka matari, na jasho la viganja.

Jirani amehamia Mombasa, na mwalimu siku hizi anafundisha kwa sauti ya kunong'ona. Mimi nasoma shule ya bweni, kidato cha tatu. Darasani jibu ninalo, mkono hauinuki, na bado najiambia maneno yale yale, lakini midomo nimeifunga, mwenzangu wa dawati asije akajua. Mara nyingine mkono huinuka, mara nyingine hapana. Na ikiwa hapana, hakuna anayekimbia kuniitia watu, hakuna anayefukiza ubani. Siku hizi naogopa bila mtu kujua.