Hodi Mara Tatu Kwenye Gemu

Lilikuwa gemu la kutembea tu. Mwanamke anamtafuta mtoto wake aliyemwacha kijijini, nawe unamvusha milima kwa vidole vyako mpaka mlango mmoja wa mbao. Nilikuwa kidato cha pili, tunaishi Mbeya. Mama akirudi sokoni alikouza vitenge, alikaa nyuma yangu akichambua maharage na kutazama. Kiingereza hakujua, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi.

Mlango ule ulimuudhi, maana yule mwanamke aligonga kimya kimya.

"Huyu kalelewa wapi?" aliuliza. "Unaingiaje kwa watu bila hodi?"

Nikampa padi ya kuchezea abonyeze mwenyewe. Kila alipobonyeza aliita hodi kwa sauti, mara tatu, pale pale sebuleni. Mlango ukafunguka. Mtoto akamtazama yule mwanamke, akasema hamjui, aende zake.

"Anasemaje?"

"Anasema karibu, mama."

Niliogopa kusema jingine. Baba alipofariki, mama aliniacha kwa bibi, kijijini Igowole, akaja Mbeya kutafuta maisha. Ikapita miaka mitatu. Siku aliyokuja kunichukua nilijificha jikoni, nyuma ya kuni, na jambo hilo hatukuwahi kulizungumza.

Mwaka huu gemu lile limefanywa tamthilia, tena ya sauti za Kiswahili. Nilipanda basi kutoka Iringa ninakofanya kazi ili tuitazame pamoja. Hamu nilikuwa nayo, na hofu pia, maana safari hii mama angesikia kwa masikio yake.

Ilikuwa Jumamosi mchana, baridi kali, mama kajifunga kitenge juu ya sweta. Mengi yalinishangaza. Ile safari iliyotuchukua wiki mbili wameimaliza kwa dakika tano! Muuza mafuta ya taa, ambaye kwenye gemu alisema neno moja tu, amepewa mke na kesi ya shamba. Yule mwanamke tuliyezoea kumwona mgongo sasa ana sura, na kulia anajua. Nikajiuliza mbona simwonei huruma kama zamani. Nadhani ni kwa sababu zamani nilichoka pamoja naye.

Akafika mlangoni, akagonga. Mtoto akafungua, akamrukia shingoni. "Karibu, mama!"

Nikashusha pumzi. Televisheni imenifichia uongo wangu! Nikamgeukia mama kwa tabasamu, nikamkuta amenuna.

"Mbona wamebadilisha? Yule mtoto alimkataa."

"Ulijuaje, mama?"

"Kiingereza sijui, lakini uso wa mtoto naujua. Nilishauona Igowole, nyuma ya kuni." Akazima televisheni. "Lile gemu bado lipo?"

Mashine ya gemu ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kwenye mfuko wa rambo. Nikaifuta vumbi, nikaiwasha, nikatafuta pale tulipoishia. Mama akachukua padi.

"Leo unitafsirie anachosema kweli."

Akabonyeza. "Hodi. Hodi. Hodi." Mlango ukafunguka.

"Anasemaje?"

"Anasema hakujui, mama. Anasema ulikawia sana."

Mama hakuondoa macho kwenye kioo. "Ni kweli," akasema. "Nilikawia."

Kwenye gemu mtoto hasemi habari ya kukawia. Hilo nililiongeza mimi, na mama alijua.