Magodoro ya Mwalimu Persis

Kila muhula Mwalimu Persis Nyamoita aliwaagiza wanafunzi wake pale Kebirigo walete majani makavu ya migomba. Aliyashindilia ndani ya magunia, akayashona kwa mkono wake mwenyewe. Hayo ndiyo yaliyokuwa magodoro ya mazoezi ya viungo, na bila hayo hakumruhusu mtoto yeyote kuruka sanduku la mbao lililowekwa mbele ya magodoro.

Siku ya michezo ya mwaka 1968, wageni walizidi viti. Na kwetu Gusii, mgeni haketishwi chini hata kidogo. Persis akiwa darasani anawavalisha watoto wadogo, mwalimu mkuu akaamuru magodoro yatandikwe juu ya matofali, wageni wayakalie.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema huku akicheka, kisha akapuliza filimbi watoto waanze.

Persis alipotoka mbio, Ombui, mvulana mwepesi kuliko wote, alikuwa tayari hewani. Aliangukia mgongo kwenye udongo mkavu. Hakusimama tena maishani mwake.

Mwaka uliofuata alikuja afisa wa elimu, na viti vikapungua tena. Mwalimu mkuu akayatupia magodoro jicho. Persis akasimama juu ya magodoro hayo kwa viatu vyake, akaelekeza kidole ukingoni mwa uwanja, ambako Ombui alikuwa mgongoni mwa baba yake, akiwatazama wenzake.

"Keti kwenye nyasi, Bwana Afisa," alisema. "Mwenyeji wetu bado hajapona."