Mzinga wa Sajini

Mwaka mzima Mabonga alichonga meno ya watu akiwa na mtu mmoja tu kichwani. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia, katika chumba chembamba nyuma ya kliniki moja karibu na stendi ya Eldoret. Wazee wa Burnt Forest na Turbo wanaotafuna mahindi ya kuchoma leo wanatafuna kwa jasho lake. Ni mtu mpole, wateja watakuambia. Ni kweli, alikuwa mpole kwa wateja. Lakini kila alipokaza jino kwenye ufizi wa plastiki alimwona Mwalimu Wabuge akitabasamu, na mkono ukakaza zaidi ya inavyohitajika.

Jumamosi alasiri wapenzi wa vifaru vidogo vya vita, vya kuchezea, hukutana katika ukumbi nyuma ya kanisa. Usicheke. Ni watu wazima wenye watoto shuleni, wanaoinama juu ya meza iliyotandikwa zulia la kijani, kila mmoja na jeshi lake la vifaru visivyozidi kidole gumba, tepu ya kupimia mwendo na dadu mkononi. Mto wowote unaochorwa mezani pale wanauita Sosiani, kwa jina la mto wa mji wao, hata kama vita vinapiganwa Urusi. Aliyewaletea mchezo huo ni Wasike, kaka yake Mabonga, aliyekuwa karani wa chuo pale Chepkoilel. Mhadhiri mgeni alipomaliza mkataba wake alimwachia kitabu cha sheria na boksi la vifaru, na Wasike akaja nalo nyumbani kama aliyeshinda bahati nasibu.

Wasike amekwisha kufa. Alimwachia mdogo wake jeshi lote, na ndani yake kifaru kimoja alichokipaka rangi kwa mkono wake, chenye herufi nyeupe ubavuni: SAJINI. Sajini alikuwa ng'ombe wa kulimia wa baba yao kule Chepsaita, mkaidi asiyegeuka mwisho wa mtaro mpaka atukanwe kwa jina kamili. Herufi ya J iliinama kidogo, kwa sababu siku ile Wasike alikuwa tayari mgonjwa na mkono ulitetemeka.

Klabu ina desturi zake. Mechi ya Desemba ikiisha, mshindi huchagua kifaru kimoja cha mshinde na kuondoka nacho. Sharti kiwe bado hai mezani. Kilichopigwa ni maiti, na mwenyewe hukirudisha kwenye boksi lake. Mshinde naye hupewa heshima ya kupanga meza ya mwaka unaofuata, vilima na mito na barabara, apendavyo yeye.

Desemba ile mbaya, Wabuge, aliyekuwa akicheza na Mabonga, alihitaji kugusa daraja ili ashinde. Alipima mwendo wa kifaru chake hadi mwisho, na mwili ukaishia kabla ya daraja. Mdomo wa mzinga tu ndio ulioning'inia juu ya mbao.

"Nimegusa," akasema Wabuge, ambaye anafundisha historia na hajawahi kukubali kosa hata la tarehe.

"Mwalimu, hiyo ni mzinga tu," Mabonga akapinga. "Kifaru iko huku nyuma."

"Fundi, mkono wako ukiwa ndani ya sufuria ya watu, utasema wewe hauko jikoni?"

Watu wakacheka. Refa alikuwa Jerop, mama mwenye duka la dawa, asiyependa kelele. Alisoma kitabu, akakisoma tena, kitabu kikanyamaza kuhusu mizinga. Mwishowe akaamua: mzinga ni sehemu ya kifaru. Uamuzi ukabandikwa ukutani kama ilivyo kawaida, umfunge kila mtu. Wabuge, sasa mshindi, akatembeza kidole juu ya jeshi la Mabonga, taratibu, kama anayechagua nyanya, mpaka kikatua juu ya Sajini.

"Mwalimu, hiyo ni ya marehemu," Mabonga akamwambia kwa sauti ya chini. "Chukua zingine hata mbili."

"Sheria ni sheria, ndugu yangu."

Hapo ndipo Mabonga alipoanza kumchukia, na sitaipamba chuki hiyo. Ilimpikia chai asubuhi na kulala naye usiku. Mkewe Namalwa alimwambia aachane na vitu vya watoto. Yeye akajibu atamrudisha Sajini nyumbani na atamlisha Wabuge maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine, mbele ya watu.

Silaha aliipata kwenye ule uamuzi wa ukutani. Kitabu kinasema kifaru kikigusa kinamasi husimama papo hapo, na zamu inayofuata mwenyewe hurusha dadu; akipata nne au zaidi, kinatoka. Mwaka mzima uamuzi wa Jerop ulikumbukwa kwenye madaraja tu. Hakuna aliyewaza mizinga inafanya nini kando ya matope. Basi Mabonga akafinyanga vinamasi kwa plastiki ile ile ya ufizi, akavipaka kijani, na Desemba ilipofika akapanga meza: barabara moja nyembamba kwenda darajani, kinamasi huku na huku, na katikati kona kali. Mwili wa kifaru unapita kwenye kona bila taabu. Mzinga mrefu, kifaru kikigeuka, lazima upite juu ya matope.

Mchezo ukaenda kama alivyouota. Wabuge akapanga vifaru vyake mstari mmoja barabarani. Kisha, kwa dharau tu, akamweka Sajini mbele. Hakuwa amempaka rangi mpya kama ilivyo desturi. Ile J iliyoinama ilimtazama Mabonga kutoka upande wa pili wa meza.

Sajini akafika konani, akageuka.

"Simama hapo, Mwalimu," Mabonga akasema. "Mzinga uko ndani ya kinamasi."

Wabuge akafungua kinywa. Jerop akanyoosha kidole ukutani, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Kinywa cha Wabuge kikafungika. Ee, ilikuwa tamu! Mabonga aliusikia utamu wake mpaka magotini.

Ilibaki zamu moja ya Mabonga, kisha moja ya Wabuge. Vifaru vingine vyote vya Wabuge vilikwama nyuma ya Sajini. Mabonga akimwacha Sajini, Wabuge atarusha dadu: akikosa, Mabonga ameshinda na Sajini yu hai, wa kuchukuliwa; akipata nne au zaidi, msururu wote unafika darajani na Wabuge ameshinda. Akimpiga, mzoga unaziba barabara na ushindi ni wake bila shaka. Lakini maiti haichukuliwi.

Alimtazama Sajini. Kisha akamtazama Wabuge, na akaona lile tabasamu limeanza kurudi, dogo, pembeni mwa mdomo. Mwalimu alishajua kwamba Mabonga anamtaka Sajini hai.

"Unaweza kuniachia dadu, fundi," Wabuge akasema. "Kama una roho."

Mabonga akarusha dadu yake, ampige Sajini. Kwa karibu vile, ubavuni, ni moja tu ingemnyima. Ikaja tano.

"Imepigwa," akasema Jerop. Watu wakapiga makofi tena, na Mabonga akacheka nao kwa nguvu kuliko wote.

Wabuge akainuka polepole. Akaiokota dadu yake aliyokuwa hana tena haja nayo, akairusha juu ya zulia, hivi hivi tu. Ikabingirika mpaka kando ya daraja.

Mbili.

Kinamasi kilitaka nne. Wabuge akamfunga Sajini kwenye kitambaa, J ikiwa ya mwisho kufunikwa, akamlaza ndani ya boksi lake.

"Chagua zawadi yako, fundi," Jerop akamwambia.

Mabonga akanyoosha mkono akachukua kifaru kilichokuwa karibu. Alipofika nyumbani Namalwa alimuuliza ni kipi hicho, naye hakujua.