Gitaa la Mama Kutoka Karen

Wiki iliyopita nilipanda hadi ghorofa ya nne ya jengo moja Kilimani kuangalia gitaa la umeme ambalo kijana fulani alikuwa akiliuza. Binti yangu amekuwa akiniomba gitaa tangu mwaka uanze, na bei ya jipya ilinitoa jasho. "Karibu, madam," yule kijana alisema. "Hii kitu iko sawa kabisa, ni rangi tu imetoka hapa chini. Mimi nahama, ndiyo maana naiachilia bei poa." Akalipakata, akalicharaza bila kuliunganisha na umeme. Likatoa sauti nyembamba, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Nililinunua, lakini maneno mengine aliyoniambia siyakumbuki. Nilikuwa nimesharudi kwetu, nina miaka tisa.

Kwetu, rafiki yangu, palikuwa Nairobi, nyuma ya maduka ya Adams Arcade, kwenye nyumba za watumishi wa serikali zilizoezekwa vigae, kila moja na ua wake wa miiba. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Mama alishona sare za shule kwa cherehani ya kuazima kwa jirani. Siku za Jumamosi nyumba ilinuka muthokoi uliokuwa ukitokota tangu asubuhi, mahindi yaliyokobolewa pamoja na maharagwe, kama wanavyopika kwao Mama, Ukambani. Mimi na mdogo wangu tulisugua sufuria kwa majivu penye bomba la nje, na redio ya jirani ikaimba juu ya ua. Kina mama wengine walifuatisha nyimbo hizo. Mama yetu hakuimba. Gitaa likianza kulia redioni, mikono yake ilisimama ndani ya maji ya nguo, kisha ikaendelea. Nilidhani hapendi muziki.

Jirani ndiye aliyetuambia kwamba kuna familia mtaa wa Karen inahama nchi na inauza vyombo vyake vyote, hata cherehani. Tulikwenda mimi na Mama. Vitu vilikuwa vimepangwa kwenye nyasi mbele ya nyumba kubwa: mapazia, masufuria, hata kitanda cha mbwa. Cherehani ilikuwa imeshachukuliwa. Mama alishusha pumzi, akanishika mkono tuondoke, halafu akasimama.

Nyuma ya zulia lililokunjwa palikuwa na gitaa jekundu la umeme. Rangi ilikuwa imebanduka pembeni, na kati ya nyuzi sita zilibaki nne. Mama mwenye nyumba alituona tukilitazama. "Hiyo ilikuwa ya kijana wetu," akasema. "Haifanyi kazi. Nipe chochote tu."

Mama alichuchumaa kwenye nyasi, akalipakata. Mikono yake nilikuwa nimeizoea ikikanda unga, ikitunga uzi kwenye sindano, ikinisugua shingo kwa dodoki. Sasa vidole vya kushoto vilipanda juu ya shingo ya gitaa na kukaa mahali pake, kila kimoja kikijua kwake. Akapiga kipande kifupi kwa ile sauti nyembamba ambayo hata mbwa wa nyumba hakuigeukia. Mimi nilibaki nimekodoa macho. Ilikuwa kana kwamba mama yangu ameanza ghafla kusema lugha ambayo hakuna mtu aliyejua anaijua.

"Kumbe unajua kucheza?" mwenye nyumba akauliza.

"Zamani," Mama akajibu.

Tulirudi nyumbani nalo likiwa limefungwa ndani ya leso. Baba alipoliona alicheka.

"Si tulikubaliana ni cherehani?"

"Nimekuta imeenda."

"Na hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

Akaendelea kucheka mpaka Mama alipokaa kwenye stuli na kupiga. Hapo kicheko kikamkauka. "Nani alikufunza?"

"Kaka yangu, nikiwa msichana." Kisha akatueleza jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Babu, yaani baba yake, alikuwa mhubiri kijijini kwao. Siku moja alimkuta nyuma ya ghala akipiga gitaa la kaka yake, lile la kujichongea la ubao. Alilitia motoni Mama akitazama, akamwapisha kwamba hatashika jingine. Alisema mwisho wa msichana wa gitaa ni kwenye baa za pombe.

"Miaka kumi na miwili tumekaa pamoja, mama watoto," Baba akasema polepole, "na hukuwahi kuniambia." Akatoka nje, akasimama uani. Siku tatu alizungumza na sisi watoto tu.

Jumatatu Mama alilipeleka kwa fundi wa redio pale karibu na Adams, mzee wa Kisikh mwenye kilemba cha buluu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kibanda chake kilijaa redio zilizofunuliwa matumbo. Alifungua gitaa, akapuliza vumbi, akachungulia.

"Mama, hii haijafa," akasema. "Waya moja tu imetoka. Ilikuwa imelala."

Akaiunga ile waya kwa risasi ya kuyeyusha, moshi wake mkali ukatuingia puani. Kisha akaliunganisha na redio kuukuu ya mbao, kubwa kama kabati. Akangoja redio ipate moto. "Haya, gusa."

Mama akagusa uzi mmoja.

Sijui nikuelezeje. Misumari iliyokuwa ndani ya kopo mezani ilitetemeka. Sauti niliisikia kifuani kabla haijafika masikioni, nikaweka mkono hapo kuona kama ni moyo wangu. Ilikuwa kubwa kuliko kibanda, kubwa kuliko Mama, na bado ilitoka kwenye kidole chake kimoja. Akaongeza wa pili, wa tatu, wimbo ukaja. Mwanamke aliyekuwa akipita na kikapu cha sukuma wiki alikitua chini. Fundi alivua miwani, akabaki ameishika. Wimbo ulipokwisha, akaisukuma ile redio kuelekea kwetu. "Chukua na hii. Hapa inakula nafasi tu."

Ijumaa Baba alirudi kutoka mjini, akavua koti, akatoa mfukoni bahasha ndogo na kuiweka mezani mbele ya Mama. Ndani mlikuwa na nyuzi mbili. Aliketi, akaomba chai. Tangu siku ile gitaa lililia nyumbani kwetu karibu kila jioni.

Miezi michache baadaye Babu alikuja Nairobi kutibiwa jicho. Mama alilifunga gitaa kwa shuka, akalisukuma chini ya kitanda chetu. Siku mbili nyumba ilikuwa kimya. Siku ya tatu, saa kumi, tukinywa chai, kwaya yenye gitaa ikaimba kwenye redio ya jirani na Babu akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyo wa gitaa anajua," akasema.

"Hata Mama anajua," mdogo wangu akasema.

Babu aliweka kikombe chini. Jicho moja lilikuwa limefungwa bendeji; lile jingine lilimtazama Mama kwa muda mrefu. "Lilete," akasema.

Mama alikwenda kulileta. Baba aliinuka mwenyewe, akaichomeka ile redio kuukuu, akasimama nyuma ya kiti cha Mama. Mama akapiga wimbo wa kanisani kwao. Alikosea mwanzoni, akarudia, kisha ukakaa sawa, ukajaa chumba hadi kwenye vikombe. Babu aliinamisha kichwa.

"Gitaa la kaka yako nililichoma kwa sababu yako," akasema ulipokwisha. "Yeye alikuwa anapigapiga tu. Wewe nilikusikia siku ile nikaogopa. Nilijua ukiendelea hutarudi nyumbani."

"Ningerudi, Baba."

"Sikujua." Akajipangusa jicho. "Piga tena."

Zile nyumba za vigae zilibomolewa zamani. Leo pamesimama maghorofa yenye walinzi getini. Palipokuwa na kibanda cha fundi panauzwa simu. Babu hayupo, Baba hayupo, na gitaa lenyewe Mama aliwapa vijana wa kanisa, likapotea kutoka mkono hadi mkono. Mama ninaishi naye. Enzi zile, ncha za vidole vyake vya kushoto zilikuwa ngumu kama punje za mahindi makavu, kwa kubonyeza nyuzi. Akitusuka nywele tulizihisi zikikwaruza kichwani. Jumapili hii nilikuwa nikimkata kucha. Nikavishika vidole vile kimoja kimoja, nikitafuta hata ncha moja iliyobaki ngumu. Vyote vilikuwa laini.