Vidonge Si Mbegu

Kacha-kacha, kacha-kacha. Siku ile ya mwaka wa 2004, mwanangu, sauti hiyo ndiyo iliyonifichua. Mama mkwe alikuwa jikoni, hajaona kitu, akasikia mkebe wa kakao ukilia mkononi mwangu sebuleni.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi hapo Kiminini. Majuma matatu nyuma mkojo ulikuwa ukinichoma, zahanati ikanipa vidonge vya siku tano. Siku ya pili nikajiona mzima, vilivyobaki nikavitia mkebeni. Usinicheke. Kwetu, kila mavuno, tulichagua mahindi bora tukayaning'iniza juu ya meko yawe mbegu. Nilijua mwenye akili hali vyote.

Basi wifi yangu Nasimiyu akaja kututembelea kutoka Bokoli, na mimba ya miezi sita. Akaninong'oneza kwamba naye anachomwa, na mgongo haumpi raha. Ndipo nikautikisa mkebe.

"Nini hiyo inalia?" Mama mkwe aliingia na mwiko wa ugali mkononi.

"Ni dawa tu, mama. Ilibaki."

"Ilibaki aje, na ulipewa umalize?"

"Si niliweka ya kesho."

"Ati uliweka! Hiyo ni mahindi? Utaipanda shamba gani?"

Nasimiyu akacheka. "Mama, wacha nimeze tu, bana. Huko hospitali wataniuliza maswali mpaka nione haya."

"Haya ndiyo itakuzalia mtoto?" Akamgusa shingo, sauti ikashuka. "Uko moto, Nasimiyu. Chukua leso twende."

Alilazwa siku nne. Ugonjwa ulikuwa umeshapanda kwenye figo. Daktari alisema vile vidonge vichache vingeupoza tu, ujifiche, na mtoto abaki hatarini. Akapewa dawa inayomfaa mjamzito, na msichana akazaliwa salama. Mimi nami mkojo uliponichoma tena, nilikwenda nikasema ukweli wote. Wakaupima, wakanibadilishia dawa.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Ukichomwa, nenda upimwe. Sema kama una mimba, sema kama kuna dawa iliyowahi kukudhuru. Ukipewa vidonge, vimeze kwa saa ulizoambiwa hadi siku uliyoambiwa, hata kama umepona jana. Maji ukiyavulia nguo, yaoge. Ukitokwa na vipele, au homa ikakushika na mgongo ukauma, rudi upesi, usingoje dozi iishe. Cha mwenzio usimeze, na chako usimgawie, hata awe wifi unayempenda.

Mungu akupe mwili mzima na moyo usioona haya kuutunza. Na siku ukiugua, toka uende hospitali kama alivyotoka Nasimiyu: leso begani, mikono mitupu, mkebe umebaki mezani, na mama mkwe, aliyemfuata nyuma, akaufunga mlango.