Skrini Yangu Nyeusi

Katika ofisi yetu ndogo ya Kilimani nilikuwa mkubwa kuliko wote kwa umri, na ni mimi peke yangu niliyeishia kidato cha nne. Tuliandika programu za kompyuta za kliniki na shule. Kila mmoja alikuwa na zana zake, kama mafundi wanaokuja kwa mjengo mmoja na vipimo tofauti. Kilichofanya kazi kwa mmoja kilikataa kwa mwingine.

Ndipo kiongozi wetu, mama kijana kutoka Machakos, alipoamua sote tutumie programu ileile ya kuandikia, toleo lilelile, na kazi yote iwekwe kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi. Kitakachokwenda kwa mteja kitoke huko tu.

"Mzee, utaiacha ile programu yako ya skrini nyeusi?" kijana wa meza ya jirani akaniuliza wakati wa chai. "Hiyo si ilikuja na reli?"

"Na wewe ulikuja na nini?" nikamjibu. Wakacheka.

Nilikubali mbele ya wote, lakini niliogopa. Kwenye skrini yangu nyeusi vidole vilijua njia. Kwenye ile mpya nilipapasa kama mgeni anayetafuta swichi gizani. Nilidhani wakiniona nilivyo mzito wataniambia nikapumzike. Basi nikaendelea kufanyia kazi nyumbani Mutuini, kwa zana zangu za zamani, na kuileta ikiwa tayari kwenye diski, bila kuipitisha kwenye seva.

Kwenye kliniki moja ya Kangemi nikaumbuka. Asubuhi ya kuanza kutumia programu yetu, kompyuta ya mapokezi iligoma. Ilitaka faili lililokuwa kwenye mashine yangu pekee. Akina mama walijaa kwenye benchi na watoto wenye homa, karani akarudi kuandika kwa mkono. Wale akina mama sikuwahi kuwaomba radhi, na bado nawakumbuka.

Kiongozi akaninong'oneza, "Hii imetoka kwa seva ama kwako?"

"Kwangu, madam."

Akamgeukia mwenye kliniki. "Daktari, tumekosea sisi. Jioni itakuwa sawa."

Tukaenda Mutuini kuchukua kazi yangu. Mke wangu akaleta chai na nduma. Mimi nilingoja kufutwa kazi. Badala yake yule mama akavuta kiti kando yangu.

"Nionyeshe vile unafanya. Ukihama, ni nini utakosa?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamwambia: weusi wa skrini, maana mwanga mweupe huniumiza macho, na vitufe nilivyozoea. Tuliporudi ofisini akavipanga vyote kwenye programu mpya, kimoja kimoja. Tukaiweka kazi yangu kwenye seva, tukaijenga upya kutoka huko, na jioni ikafunguka Kangemi bila shida.

Hakumwambia mtu. Nilikiri mwenyewe habari ya ile skrini nyeusi ya nyumbani, kwenye chai ya kesho yake.

"Kumbe mzee ana mke wa pili," yule kijana akasema, "na amemficha nyumbani kwa wa kwanza."

Baada ya hapo yule mama alinipa kazi ya kutayarisha kompyuta ya kila mfanyakazi mpya, nami nikaifanya hadi nilipostaafu. Wengi walikuja wameng'ang'ania zana zao. Sikuwaambia wazitupe. Nilivuta kiti kando yao, nikawauliza watakosa nini.